Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita mlitutuma tulete jibu la swali moja: sanaa ya video ina nini ambacho filamu haina? Kamati yenu imehangaika na swali hilo mwaka mzima. Habari za ada mtazisikia kwa mweka hazina.

Tulianzia Wuppertal, Ujerumani, Machi 1963, ambako msanii Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul, Korea, alionyesha televisheni alizozichokonoa makusudi ili picha zivurugike. Mwaka 1965 akaweka sumaku kubwa juu ya televisheni. Na sisi tukajaribu. Mwanachama mmoja alileta sumaku ya spika mbovu, tukaiweka juu ya TV ya chogo, ile isiyo ya rangi, huku mkanda wa harusi ukicheza kwenye deki. Bibi harusi akavutika kama ulimbo mpaka pembe ya kioo. Sumaku ikiondolewa, anarudi. Kwenye TV nyembamba ya siku hizi hakutikisika hata kidogo. Ndani ya chogo mna mwale wa elektroni unaochora picha mstari kwa mstari, na sumaku huupinda. Paik alikuwa akifinyanga umeme.

Kisha ikaja Portapak ya Sony, mtambo wa video wa kubebeka, mwaka 1967. Mtu mmoja aliimudu: kinasa begani, kamera mkononi. Mkanda wake hausafishwi kama filamu. Unaurudisha nyuma, unautazama kwenye deki bila kusubiri. Ndiyo maana wasanii wengi wa wakati ule walijigeuzia kamera wenyewe.

Tarehe 12 Julai alifariki Bill Viola, msanii wa video wa Marekani. Tulimkumbuka kwa kutazama The Reflecting Pool, kazi ya dakika 7 aliyoikamilisha mwaka 1979. Mtu anatoka msituni, anasimama ukingoni mwa bwawa, anaruka, kisha anaganda hewani amejikunja, na maji chini yake yanaendelea kucheza. Kamera haisogei. Taratibu mtu yule anafifia, anamezwa na majani. Ukumbini hakuna aliyekohoa. Kwangu mimi, hili ndilo jibu la swali lenu: nyakati mbili zinaishi ndani ya picha moja, na jicho linazikubali zote.

La kusikitisha ni mikanda yetu. Tulipofungua sanduku la warsha za miaka ya 1990 tulikuta ukungu mweupe umetanda. Mingine ilinasa kwenye deki ikakatika. Joto na unyevunyevu wa pwani tunaujua. Tulipaswa kuihamishia kwenye kompyuta mapema. Lawama hiyo naibeba mimi pamoja na kamati.

Naomba mkutano uidhinishe kazi ya kuihamisha iliyobaki ianze mwezi huu. Mwenye deki nzima au TV ya chogo, tafadhali asiwauzie watu wa vyuma chakavu kabla ya kutupigia. Ile ya inchi 21 tuliyopewa Oktoba bado inamsubiri fundi abadilishe flaibeki, kile kifaa kinachozalisha umeme mkali wa kioo.

Naomba kuwasilisha.