Magadi hayatibu kila upungufu wa ng'ombe

Mhariri,

Siku hizi mfugaji akiingia duka la pembejeo, liwe la Ruai au la Ngong, hakosi kuambiwa achukue "chumvi ya asili", kana kwamba neno asili ni kipimo cha madini. Kuna mabonge ya magadi kutoka Ziwa Magadi, kuna jiwe la rangi ya waridi linalochimbwa Pakistan, na kuna udongo wa chumvi. Vyote vina faida. Shida ni kwamba vinauzwa kama kitu kimoja.

Nyasi zina potasiamu tele na sodiamu haba, nepia ikiwemo. Ndiyo maana ndovu wa Mlima Elgon huingia katika pango la Kitum gizani kukwangua kuta kwa pembe zao. Ng'ombe anayefugwa ndani hana pango, kwa hiyo hulamba mkojo, ukuta na ngozi ya mwenzake. Hizo ni dalili za kukosa sodiamu, na chumvi yoyote itazimaliza kwa siku chache. Lakini ukimwona anatafuna mifupa, mbao na mifuko ya plastiki, shuku upungufu wa fosforasi kwanza. Hapo magadi hayana msaada, na jiwe la waridi pia halina, kwa maana karibu lote ni chumvi ile ile ya mezani. Ule wekundu ni chuma, na chuma ng'ombe hupata cha kutosha kwenye majani na udongo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lita moja ya maziwa hubeba takriban gramu 1.2 za kalisi na gramu 0.9 za fosforasi. Ng'ombe wa lita 15 kwa hiyo hutoa karibu gramu 18 za kalisi na 14 za fosforasi kila siku. Jiwe gumu la madini la kulamba ulimi huliondoa polepole, aghalabu gramu 30 hadi 50 kwa siku. Kama lina fosforasi asilimia 2, gramu 40 zitampa gramu 0.8 tu. Jiwe linamtosha ng'ombe aliyekauka maziwa au ndama mkubwa. Anayekamuliwa anahitaji unga wa madini uliochanganywa kwenye chakula, kama gramu 100 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Pima kwa mizani ya jikoni mara moja, kisha tia alama kwenye kikombe. Kabla ya kulipa, soma kibandiko: kama asilimia ya fosforasi haikuandikwa, rudisha mfuko.

Wanaolisha wishwa wa ngano kwa wingi wana hali tofauti. Wishwa una fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana, hivyo wao huhitaji chokaa ya mifugo kuliko kitu kingine. Hili hata wauzaji wengi hulisahau.

Sasa magadi. Ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Yana kloridi kidogo, ila yanapunguza asidi tumboni, na hiyo ndiyo sababu ng'ombe anayekula nafaka nyingi huyapenda na huyahitaji. Yana kasoro mbili. Ya kwanza ni floridi. Madhara makubwa ni kwa mnyama ambaye meno yake ya kudumu bado yanajijenga ndani ya ufizi, yaani ndama na mtamba. Meno hutoka na madoa ya kahawia na vishimo, huisha upande upande, na mnyama akikua hutafuna mabua kwa shida. Akishapata madoa hayo hakuna dawa. Mtamba mpe chumvi ya kawaida.

Kasoro ya pili hujitokeza kabla ya kuzaa. Wiki tatu za mwisho za mimba, sodiamu ya magadi huifanya damu iwe na alkali zaidi, na mwili wa ng'ombe hushindwa kutoa kalisi mifupani haraka maziwa yanapoanza kushuka. Anazaa usiku, asubuhi amelala amekunja shingo ubavuni, masikio baridi. Hiyo ni homa ya maziwa. Katika wiki hizo ondoa magadi kabisa, na chumvi ya kawaida ipunguze ili kiwele kisivimbe kupita kiasi.

Mnyama aliyekaa miezi bila chumvi usimwekee ndoo nzima. Atabugia. Anza na gramu 30 kwa siku kwa wiki moja ndani ya chakula, na maji yawepo saa zote, kwa sababu sumu ya chumvi mara nyingi ni ukosefu wa maji. Akianza kupepesuka na kutoona, mpe maji kidogo kidogo, kwani akinywa mengi kwa mkupuo ubongo huvimba. Mawe yenye yurea nayo yasipondwe wala kuyeyushwa majini, na yawekwe mbali na ndama wa chini ya miezi sita.

Kondoo hawapaswi kula madini ya ng'ombe. Shaba iliyomo humfaa ng'ombe lakini kwa kondoo hujilimbikiza kwenye ini kwa wiki nyingi bila dalili, kisha siku moja mkojo unakuwa mwekundu, macho ya manjano, na anakufa. Kama wanalala boma moja, ning'iniza jiwe la ng'ombe juu wasikofikia kondoo, chini ya paa, karibu na maji. Sanduku liwe la mbao lenye tundu la kutoa maji. Bati huliwa na chumvi mwaka haujaisha.

Kwa walio Kitengela na pembezoni mwa Mbuga ya Nairobi, jiwe lililoachwa wazi huita wanyamapori. Huko Marekani majimbo kadhaa yamekataza kuwawekea kulungu wa kwao chumvi, maana mate yao huacha kwenye udongo prioni, yaani protini zilizoharibika zinazoleta ugonjwa wa ubongo usio na tiba. Hapa kwetu hatari ni ndama wa nyumbu wa chini ya miezi minne: makamasi yao hubeba virusi visivyowadhuru wao, ila ng'ombe akiambukizwa hupata homa kali, macho hugeuka meupe, na ni nadra kupona. Nyumbu wanapozaa, jiwe liwekwe asubuhi ndani ya boma tu, na malisho walikozalia yaepukwe mpaka ndama wakue.

Mtaalamu wa lishe ya mifugo,
Nairobi