Barua iliyomo kwenye kiatu cha kulia

Mwanangu Nyamizi,

Ukifungua boksi hili utakuta kiatu cha kushoto kina soksi jozi mbili, na cha kulia kina barua hii. Nimemkabidhi kijana wa meli ya Nansio, naye atampa kondakta wa basi la Tabora pale Mwanza, kwa hiyo ikikufikia imekunjamana usishangae. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya bibi yako haina siri. Anaweka sauti kubwa, jirani anasikia, kuku nao wanasikia. Jumamosi uliponipigia ukilia, nilimsikia mwenyewe pembeni anakuchochea: "Mwambie, mwambie na ile ya viatu."

Ya viatu nimeielewa. Mlifanya mazoezi ya ngonjera wiki mbili, wewe una ubeti wa tatu, umesimama mbele katikati. Asubuhi ya mgeni rasmi kuja kufungua madarasa mawili mapya mkapangwa upya: wenye viatu vizima mbele, wenye ndala na viatu vilivyoachama nyuma. Ubeti wako akapewa mwenzako, naye akausahau katikati, wewe ukausema kimoyomoyo huko nyuma mpaka mwisho. Hapo ndipo ulipolia kwenye simu, na mimi huku nilikuwa na foleni ya kina mama na watoto wao wa kliniki, nikashindwa kukujibu kitu cha maana.

Bibi amekwambia usijali, siku moja mgeni rasmi utakuwa wewe. Mimi sitakwambia hivyo. Mimi mwenyewe ni mgeni wa shule, naingia getini na koti jeupe mara kadhaa kwa mwaka, na kile kiti cha meza kuu ni kiti cha plastiki kama vingine, wamekitandika tu kitambaa.

Ngoja nikueleze ninachokiona nikiwa upande ule.

Huku Ukerewe tumezungukwa na ziwa, na ziwa lina kichocho. Wadudu wake wanakulia ndani ya konokono wadogo wa majini, kisha wanatoka na kumwingia mtu kwa kupenya ngozi, akiwa amesimama tu anachota maji au anafua. Ndiyo maana watoto wa shule wanapewa dawa. Siku hiyo mwalimu anasimamisha ubao mrefu uliochorwa mistari, mtoto anasimama kando yake, na urefu wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi. Hakuna mizani. Vidonge vyenyewe ni vikubwa na vichungu, tena havifai kumezwa na tumbo tupu, mtoto anapata kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa hiyo siku ya dawa lazima kwanza kuwe na uji. Utaona watoto wanakimbilia shule kwa furaha, mtu akadhani wanapenda dawa.

Walimu ndio wanaogawa. Mimi nakaa pembeni kuangalia nani katapika, nani kaficha kidonge shavuni (wapo, na nawajua kwa namna wanavyonyamaza). Tukimaliza, mwalimu mkuu anaitisha mstari, napigiwa makofi ya kilo, nasaini kitabu cha wageni, napanda bodaboda. Sehemu ya maoni naandika "Nimefurahi, usafi ni mzuri." Na kweli usafi ni mzuri, mawe ya kando ya njia yamepakwa chokaa ambayo haijakauka, nimewahi kuondoka nayo kwenye sketi.

Halafu mwaka jana nikasahau mwamvuli. Nikaurudia kesho yake asubuhi, hakuna aliyenitarajia. Nikapishana na darasa la tano na la sita wanatoka na madumu, wanakwenda kuchota maji ya shule. Ziwani. Wameingia mpaka magotini, wanacheka, wanarushiana maji. Dawa tuliwapa Jumatano, hiyo ni Alhamisi saa mbili asubuhi. Mwalimu wa zamu aliponiona akaanza kunieleza kwamba kisima kimeharibika pampu. Alikuwa anasema kweli, na wala sikumlaumu. Niliyejilaumu ni mimi, ambaye nimekuja pale mwaka wa nne mfululizo na sijawahi kuuliza maji ya ule uji yanatoka wapi.

Tangu siku hiyo, shule ambayo naweza kufika bila taarifa nafika bila taarifa. Wananuna kidogo, kisha wanazoea.

Kuna na ya jikoni. Hii sijamwambia mtu isipokuwa bibi yako, na yeye alicheka, mimi sikucheka. Ilikuwa 2024, ile chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipobadilishwa. Ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 walikuwa wanachomwa wasichana wa miaka 14, tena mara mbili. Mwaka 2024 ikashuka mpaka miaka 9 na sindano ikawa moja, ndipo na wewe ulipochomwa, mwalimu akasema hata hukukunja uso. Sasa mimi niko kwenye shule moja huku, nimefungua lile kasha la chanjo lenye barafu, nachoma naweka alama. Orodha ya wasichana 41. Nikamaliza na 38. Watatu wako wapi? Mwalimu akasema labda wanaumwa. Kijana mmoja wa darasa la sita aliyekuwa anachungulia dirishani akasema, bila kuulizwa, "Wako jikoni, wanapika kuku wa mgeni."

Mgeni ni mimi. Nilikwenda jikoni nikawakuta, macho mekundu kwa moshi, mmoja anachambua mchele, mmoja anachochea kuni, mmoja ana mtoto wa mpishi mgongoni. Nikauliza kwa nini ninyi. Wakaangaliana, mkubwa wao akasema, "Sisi sare zetu zimechakaa, dada." Wametolewa darasani wasionekane, wakapewa kazi ya kunipikia, na nusura wakose sindano niliyovuka maji kuwaletea. Niliwachomea palepale kando ya sufuria. Kuku nilimla, mwanangu, sitakudanganya, ningekataa wangevunjika moyo. Lakini sikumbuki ladha yake.

Kwa hiyo Jumamosi ulipotaja viatu, niliwakumbuka wale watatu, nikashika ukuta.

Nimempigia mwalimu wako wa darasa. Usishtuke, sikugombana, nilianza na salamu na habari za masika. Nikamuuliza tu kama mgeni rasmi aliwahi kutazama miguu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mama Nyamizi, hakutazama. Alikuwa anaongea na simu." Akaniomba radhi. Mwalimu yule ana watoto 80 na kitu kwenye chumba kimoja, na alikuwa ameambiwa shule isiaibike. Mimi naona alikosea na nimemwambia hivyo. Wewe endelea kumwamkia.

Nataka ujue pia kwamba hiyo shule mambo haya haikuanza nanyi. Nilisoma hapohapo, chini ya mwembe huohuo. Wale mnaowaita wathibiti ubora, sisi tuliwaita wakaguzi, na jina lenyewe lilitosha kumkausha mwalimu mate. Nikiwa darasa la nne, mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha somo la mbu Jumatatu, akalirudia Jumanne, ili Jumatano mkaguzi akute tunatiririka. Maswali manne, majibu manne, tumekariri kwa mpangilio. Mkaguzi akaingia, akakaa nyuma. Mwalimu akauliza swali la kwanza, mbu gani anaeneza malaria? Darasa zima: "Anofelesi jike!" Safi. Halafu kwa woga akaruka la pili. Akauliza, tutajikingaje asitung'ate tukilala? Sisi tukajibu la pili kwa sauti moja: "Kwenye madimbwi ya maji!" Mtu akishikwa na homa aende wapi? "Ndani ya chandarua!" Mkaguzi alivua miwani akaifuta muda mrefu sana, mabega yanatikisika. Mwalimu wetu hakufundisha tena mbu mpaka nikamaliza la saba.

Mwenge nao uliwahi kupita. Tulipangwa barabarani tangu saa mbili asubuhi na matawi mkononi, jua la Tabora unalijua. Ulipita saa tisa. Nilichokiona mimi ni magari, vumbi, na mkono wa mtu umeshika kitu kinachotoa moshi. Wenzangu waliapa wameuona moto wenyewe, na mimi nikaapa nao.

Ninayoikumbuka vizuri ni siku isiyo na mgeni. Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999, niko darasa la tano. Kengele ikapigwa saa ambayo si ya kengele. Tukajipanga ovyo, wengine na majembe mkononi kwa sababu tulikuwa bustanini. Mwalimu mkuu, mtu wa fimbo na sauti, akatoka ofisini bila koti, akajaribu kusema Mwalimu Nyerere amefariki, sauti ikakatika. Mwalimu wa zamu ikabidi amalizie. Hakuna aliyetukagua kucha wala kutuuliza kwa nini hatujavaa sare sawasawa. Tulisimama tu. Mtoto akimwona mwalimu mkuu analia hajui aangalie wapi, mimi niliangalia ile rimu ya gari inayoning'inia kwenye mwembe.

Hivi bado ipo? Nani anaipiga siku hizi? Sisi ilikuwa zamu, na ukipewa unajiona waziri. Hayo ndiyo ninayoyataka, kila ukipiga simu unaniambia ya wageni tu. Mara kaja mpiga picha, mara afisa elimu kata, mara watu wa benki na madaftari. Niambie ya Jumanne. Mchakamchaka bado mnakimbia? Uji unapikwa na yule mama yuleyule, na je, siku akiugua mnakula nini? Kisima cha shule kina maji au mnakwenda bondeni? Hilo la kisima unijibu kweli, hata kama mwalimu kasema lisisemwe. Na yule rafiki yako aliyekuwa anatoroka kipindi cha hesabu, amerudi?

Viatu ni namba moja zaidi ya mguu wako, vikipwaya shindilia gazeti mbele, lakini usilichane la bibi kabla hajamaliza kulisoma. Usivae kwenda kuchota maji. Na siku mkipangwa tena kwa viatu, simama watakapokuweka, kisha uniambie nani alikuwa kando yako.

Huku nyuma ya karatasi nimeacha nafasi. Niandikie ule ubeti wa tatu wote, umpe bibi ampe kondakta. Mwenzako aliusahau, mgeni rasmi alikuwa kwenye simu, na mimi sijausikia bado.

Mama yako