Barua kwa mwanangu: Kovu la titi la kushoto

Mwanangu mpenzi,

Ya haraka, kuhusu hilo titi lako linalouma na homa iliyokujia ghafla, tuliyamaliza kwenye simu asubuhi: uende hospitali leo leo, na mtoto usimwachishe. Haya mengine nimeona niyaandike, nimpe dereva wa basi la alfajiri akuletee Dodoma, kwa sababu nikiyasema nitalia.

Ulipokuwa mdogo ulipenda kuligusa kovu lililo chini ya titi langu la kushoto, ukaniuliza limetoka wapi. Nikakujibu nilichanwa na seng'enge. Nilikudanganya, mama. Ni kovu la kisu cha daktari, na mambo yalianza vilevile kama ulivyonieleza wewe leo.

Ilikuwa 1996, una wiki tatu tu. Ulikuwa unashika ncha ya chuchu, hujazi mdomo na ile sehemu nyeusi inayoizunguka. Chuchu ikapasuka. Siku moja nikaamka natetemeka kwa baridi, na joto la Tanga lote lile la Februari. Nikadhani malaria. Kuligusa titi, gumu, la moto, ngozi imejivuta inang'aa. Watasema titi hugeuka jekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani kirahisi. Wewe angalia huo mng'ao, na joto lipime kwa kiganja.

Wakaja wanawake. Huyu anasema jicho baya, yule anasema uchafu wa uzazi. Wakalichana titi kwa kitana kutoka juu hadi kwenye chuchu, mpaka nikauma kanga. Kisha wakasema maziwa yameoza, nikikupa nitakuua. Nilikuwa na miaka 20, wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza. Nikawasikiliza. Siku tano nikakunyima titi la kushoto, huku unalilia.

Maziwa yalikuwa hayajaoza. Mama mwenye uvimbe wa titi, ule ambao madaktari huita mastaitisi, maziwa yake hayamdhuru mwanawe. Kilichoniharibikia ni kuyaacha yajae ghafla bila kutoka. Titi likazidi kuvimba, na bakteria walioingia kwenye ule ufa wakapata nafasi. Jipu likatunga. Nilipofika hospitali walipasua, wakakamua usaha, kisha kila siku nikawa narudi kubadilishiwa chachi ndani ya kidonda. Siku hizi mara nyingi huvuta usaha kwa sindano wakiangalia kwa utrasaundi, lakini sitaki ufike huko.

Basi mnyonyeshe kama kawaida, titi zote mbili, kila anapotaka. Usikamue kupita anavyohitaji, maana titi litadhani ana njaa na kutengeneza zaidi. Akishanyonya, weka kitambaa cha maji baridi. Mama mkwe wako akileta kitana, mwambie kwa heshima kwamba daktari amekataza: ndani kumeshavimba, na kukandamiza kunazidi kuumiza. Ukipewa antibayotiki, maliza dozi yote, kwa kawaida siku 10 hadi 14, hata homa ikishuka siku ya pili. Siku mbili zikipita na hakuna nafuu, rudi.

Kisha uliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, isije ikawa saratani?" Nimelifikiria swali lako mchana kutwa. Mama anayenyonyesha, maumivu na homa vimekuja ghafla: mara nyingi sana ni mastaitisi. Unakumbuka kile kinundu cha mdogo wako, kilivyokuwa kikiteleza chini ya kidole kama gololi? Alijificha nacho miezi minne akiamini anakufa. Walipochukua kipande kwa sindano wakakuta faibroadenoma, ambayo si saratani na huwapata sana wasichana wa umri wake. Bado anayo, wanaipima tu. Ile miezi minne ya kulia peke yake ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Lakini sitakuficha tena kitu. Kuna saratani, ni ya nadra, inayokuja kwa sura ya uvimbe kama huu, pengine bila kinundu chochote. Kwa hiyo ukimaliza dawa na uvimbe haujaisha, au ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, au chuchu ikaanza kuingia ndani, omba utrasaundi. Wakikwambia ni maziwa tu, kaa hapohapo kwenye benchi uombe tena.

Jumamosi nitakuwa njiani. Nitakaa na mtoto usiku, nikuletee anyonye wewe umelala ubavu, kisha nimchukue ulale. Nataka pia nimwone anavyoshika titi, maana nadhani ndipo tatizo lilipoanzia. Kovu nitakuonyesha.

Kama dawa ni za kila baada ya saa sita, tega simu ikuamshe kwa ile ya usiku.

Mama yako