Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa hii haisubiri forodhani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu wazee wetu wenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa.

Ipo dawa ya mionzi iitwayo radiamu-223, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya tangu 2013. Mwili huidhania ni kalsiamu, ukaipeleka kwenye mfupa, hasa pale saratani ilipokaa. Hapo hutoa chembe za alfa ambazo hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita: huvunja vinasaba vya seli zilizo karibu na kuishia hapo hapo. Karatasi ya daftari inatosha kuzizuia.

Sisemi ni muujiza. Katika utafiti wa wanaume 921, nusu ya waliochomwa sindano ya radiamu waliishi kupita miezi 14.9; kwa wasiochomwa, ilikuwa miezi 11.3. Na mwaka 2018 Ulaya ilibana matumizi yake baada ya kuonekana kwamba ikitolewa pamoja na abirateroni, dawa nyingine ya saratani hiyo, mifupa huvunjika zaidi. Ila kwa mzee asiyeweza kugeuka kitandani, miezi mitatu na nusu si ya kubeza.

Bei yake haishikiki, hilo nalijua. Kinachoninyima usingizi mimi mfamasia ni saa. Kichupa kimoja kina mililita 6. Mgonjwa wa kilo 70, kwa tarehe ya kipimo cha nguvu iliyoandikwa kwenye kichupa, anachomwa mililita 3.5. Siku 11 na saa kadhaa baadaye nguvu ya dawa imebaki nusu, hivyo anahitaji mililita 7, na kichupa kizima hakimtoshi. Kila siku inayopita inakula karibu asilimia 6. Bohari ya Dawa haiwezi kununua na kuweka akiba. Sasa mzigo utue Uwanja wa Julius Nyerere Ijumaa jioni, karatasi moja haijasainiwa, ukae mpaka Jumatatu!

Ombi langu ni hili: Wizara ikae na Tume ya Nguvu za Atomiki, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na TRA (mamlaka ya mapato), vibali vyote vikamilike kabla ndege haijaruka, na chombo cha madini ya risasi kilichobeba dawa kitoke uwanjani hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road siku hiyo hiyo, iwe sikukuu au la. Si jambo geni. Iodini-131 ya wagonjwa wa thairoidi nayo hupungua nusu kila siku 8.

Tena radiamu ni mwanzo tu. Mwaka 2019, kundi la Profesa Mike Sathekge wa Pretoria, Afrika Kusini, lilichapisha matokeo ya aktiniamu-225, dawa nyingine ya chembe za alfa, kwa wanaume 17 wenye saratani ya tezi dume. Kwa 14 kati yao PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ilishuka kwa asilimia 90 au zaidi, ingawa walisumbuliwa na ukavu wa kinywa. Aktiniamu nayo hupungua nusu kila siku 10. Vijana wetu wapelekwe Pretoria wakajifunze sasa, maana mtaalamu wa tiba ya nyuklia hapatikani kwa semina ya wiki moja.

Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi: ndege ikitua Jumapili, ni ofisi ipi itakayopokea simu?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfamasia, Dar es Salaam