Injini ya Mount Gelai iwashwe moto, familia zipande

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonigusa mwezi Agosti uliopita, nilipokwenda kumtembelea binti yangu anayeishi Manchester, Uingereza. Jumamosi moja alituchukua sote, mimi na babake, mumewe na watoto wao wawili, hadi mji wa Caernarfon huko Wales, tukapanda gari la moshi linaloendeshwa kwa mvuke kwenda Porthmadog. Ni safari ya kilomita 40 ipitayo kando ya mlima Snowdon, ambao wenyeji huuita Yr Wyddfa, na niliona fahari kwamba vibao vya stesheni vimeandikwa kwa lugha yao wenyewe.

Milima na mito niliitarajia. Nisichotarajia ni kukuta mbele ya mabehewa injini ya aina niliyoijua tangu utotoni. Nimelelewa katika landhi za reli pale Voi, ambako marehemu baba yangu alikuwa akitunza moto wa injini za Garratt, na sisi watoto tulizitambua kwa mngurumo kabla hazijaonekana. Muundo wake ni wa pekee: boila hukaa katikati juu ya fremu ndefu, na fremu hiyo hubebwa na injini mbili, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja ikiwa na magurudumu na silinda zake, hivyo mashine nzima hujikunja penye kona kama nyoka apitaye kati ya mawe. Mwingereza Herbert William Garratt ndiye aliyeubuni, na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kikaunda ya kwanza mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Hiyo iliyotuvuta Wales iliundwa na kiwanda hicho mwaka 1958, ikatumika Afrika Kusini kwa miaka mingi kabla ya kurudishwa Uingereza.

Tulipofika penye kona za msitu wa Beddgelert, mjukuu wangu wa miaka tisa alichungulia dirishani akaiona injini imejipinda mbele yetu, akaniuliza, "Bibi, kwenu zilikuwepo hizi?" Nikamjibu kwamba zilikuwepo, tena kubwa kuliko hii mara kadhaa. Akauliza tena, "Basi tukija Kenya tutapanda?" Hapo nilikosa jibu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Wasomaji vijana huenda hawajui kwamba mwaka 1955 na 1956 kiwanda hichohicho cha Manchester kiliiundia Reli ya Afrika Mashariki injini 34 za daraja la 59, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 250, zikapewa majina ya milima yetu. Zilitumia mafuta mazito, nazo zilivuta treni za mizigo kutoka Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hadi Nairobi iliyo juu ya mita 1,600. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani, hakuna injini za mvuke zilizozishinda kwa nguvu. Leo zimebaki mbili, nambari 5918 Mount Gelai na nambari 5930 Mount Shengena, zote zikiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, pamoja na lile behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba pale Kima mwaka 1900. Mount Gelai iliwahi kukarabatiwa na kutembea tena baada ya kustaafu, kwa hiyo silisemi jambo lisilowezekana.

Ombi langu kwa wahusika ni kwamba injini hiyo itengenezwe na iendeshwe walau siku chache kila mwaka, hasa likizo za shule, ikivuta mabehewa ya familia kutoka Nairobi hadi Mto Athi na kurudi. Napendekeza njia hiyo kwa sababu ni sehemu ya njia ya Mombasa, ile ambayo injini hizi ziliundiwa; uzito wake hauruhusu ipelekwe kila mahali. Tangu reli mpya ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, reli ya zamani imepungukiwa na kazi, na nafasi ya safari kama hizo si vigumu kuipata.

Najua gharama itatajwa, na ni haki itajwe, kwa kuwa boila haichezewi: lazima ikaguliwe na mafundi wenye ujuzi kabla ya moto kuwashwa. Lakini reli ile ya Wales ilifungwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, vyuma vyake vikang'olewa mwaka 1941, na watu wakaijenga upya kipande kwa kipande kuanzia 1997 hadi treni zikafika Porthmadog mwaka 2011. Wengi wa wanaoihudumia ni watu wa kujitolea. Aliyekagua tiketi zetu alikuwa mwalimu mstaafu, na kijana aliyekuwa akipaka grisi magurudumu alisema anafundishwa na wazee waliokwisha kustaafu. Kwetu wazee walioendesha na kutengeneza injini za mvuke wamebaki wachache, na wadogo wao wamekwisha pita miaka sitini. Wakiitwa sasa wawafundishe vijana wa vyuo vya ufundi, bado wanaweza. Miaka kumi ijayo hatutakuwa na wa kumwita.

Binti yangu na wanawe watakuja Desemba, nami nimeahidi kuwapeleka Makumbusho ya Reli wamwone Mount Gelai akiwa amesimama. Ikiwa wahusika watatangaza siku ya safari, hata iwe ya mwaka kesho, nitanunua tiketi sita, na taa ya baba ya kuonyeshea ishara, ambayo bado ninayo, nitaikabidhi kwa makumbusho siku hiyo.

Msomaji wako,
Changamwe, Mombasa