Malalamiko: Mmeniuzia Gari Lisiloweza Kupata Logibuku

Tudor, Mombasa

Kwa Meneja wa Mauzo

KUH: VIFAA VYA GARI LA KUJIUNDIA VISIVYO NA HATI

Bwana Meneja,

Nakuandikia kuhusu vifaa vya gari la viti viwili nilivyonunua kwenu. Gari limekwisha kuundwa. Linawaka, breki zinashika, taa zote zinafanya kazi. Lakini limelala karakanani Changamwe kwa sababu halina logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, na kwa makaratasi mliyonipa haliwezi kuipata.

Kabla sijatoa pesa niliuliza habari ya usajili. Mhudumu wenu alinijibu kwamba hilo si tatizo, akanifungulia kijitabu chenye picha za magari kama hili yakiwa barabarani Uingereza. Kijitabu hakisemi yalifikaje barabarani. Kule gari la kujiundia hupimwa kwanza chini ya mpango wa IVA, yaani ukaguzi wa gari mojamoja, ndipo DVLA, mamlaka yao ya usajili wa magari, hulisajili. Na likiwa limeundwa kwa vipuri visivyojulikana asili au umri, hupewa nambari inayoanza na herufi Q. Marekani nako kila jimbo lina masharti yake, na mara nyingi mwenye gari hudaiwa cheti cha asili kutoka kwa mtengenezaji. Cheti hicho ndicho nilichokikosa kwenu.

Ankara yenu imeandikwa "vipuri vya gari", basi. Mzigo ulitolewa bandarini Kilindini kwa jina hilohilo, kwa hiyo karatasi za forodha hazina nambari yoyote ya chasisi. Fundi wangu alikwangua rangi ya chasisi kuanzia mbele hadi nyuma akitafuta nambari iliyogongwa kwenye chuma. Hakuna. Panapostahili kukaa kibati cha mtengenezaji pana matundu mawili ya ribiti, kibati chenyewe hakipo. Sasa nikienda NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari hapa Kenya, niwaambie nasajili nini? Hamkunieleza lolote kati ya haya. Mmeniuzia mbuzi kwenye gunia.

Lililonikera zaidi ni ushauri niliopewa nilipolalamika kwa simu. Mhudumu huyohuyo aliniambia nitafute Toyota Mark II iliyogongwa, yenye logibuku, nikate kipande chenye nambari ya chasisi kisha nikichomelee kwenye gari langu. Alilisema kana kwamba ananielekeza pa kununua plagi. Bwana Meneja, huo ni ughushi. Logibuku itasema gari la milango minne la kampuni nyingine, huku barabarani pana gari la viti viwili. Polisi akilisimamisha, mwenye kesi ni mimi. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, na bima iliyokatwa kwa maelezo ya uongo inaweza kukataliwa siku ya ajali, wakati kuna mtu amelala hospitalini anasubiri fidia. Nikiliuza, aliyelinunua naye ameingia mtegoni bila kujua. Sitafanya hivyo, na nawasihi msimshauri mteja mwingine yeyote kufanya hivyo. Vijana wengi wa jua kali hapa Mombasa wana ujuzi wa kuunda magari haya vizuri kabisa. Si haki kuwasukuma kwenye uhalifu kwa sababu muuzaji hakutaka kuhangaika na karatasi.

Ninachodai ni barua ya mtengenezaji yenye nambari ya chasisi, kibati chake, ankara inayotaja kilichouzwa hasa, na marekebisho ya karatasi za forodha. Tofauti ya ushuru, kama ipo, ni juu yenu. Mkishindwa, chukueni gari lenu mnirudishie pesa za vifaa pamoja na ujira wa fundi. Kijitabu kile nacho kiondoeni kaunta mpaka kieleze masharti ya usajili ya hapa Kenya.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza muuzaji kumpotosha mteja. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo. Ninachowadai hakifiki shilingi 1,000,000, kwa hiyo kiko ndani ya uwezo wake.

Nimeambatisha nakala za ankara, risiti na picha za chasisi.

Wako,
Mteja wenu