Risala ya Walezi wa Watoto wa Magharibi mwa Nakuru kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa wa Watoto wa kaunti ndogo yetu, Chifu, wazee wa mitaa, Mwalimu Mkuu aliyetufungulia uwanja huu, wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa, hamjambo nyote.

Kwa niaba ya wanachama wa kikundi chetu cha walezi wa kujitolea kutoka Kaptembwa, Rhonda na viunga vyake, ninayo heshima kubwa kukukaribisha kwetu. Tunafahamu kuwa tarehe 16 Juni viongozi hualikwa kwingi. Umetuchagua sisi, na kwa hilo tunakushukuru kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilianzishwa na akina mama 7, muda mfupi baada ya Sheria ya Watoto ya 2022 kuanza kutumika, walipoona kwamba sheria mpya imekuja na mitaani hakuna aliyeelezwa. Leo tuko 31. Katika kipindi hicho kifupi tumepiga hatua ambazo, tunaamini, hakuna kikundi kingine katika wadi hii kimezifikia. Watoto 14 waliokuwa hawana vyeti vya kuzaliwa sasa wanavyo, na haki ya jina na uraia iliyomo katika Kifungu cha 53 cha Katiba wameipata mkononi. Nambari ya simu ya bure ya 116, ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, tumeipaka rangi kwenye kuta za maduka 4 na pale steji ya matatu, hata watoto wa chekechea wanaikariri. Vilevile tumeishinda, kwa kiasi kikubwa, ile tabia ya wazee wa familia mbili kumalizana nyumbani mtoto anaponajisiwa. Wazazi wa mtaa huu sasa huamka wakamleta mtoto hospitalini.

Na hapo ndipo tunapokwama, Mheshimiwa, na ndilo jambo tunaloomba ulisikilize kuliko yote.

Sheria iko nasi. Katiba inampa kila mtoto haki ya huduma za afya na ulinzi dhidi ya kila aina ya ukatili, na inasema kuwa maslahi bora ya mtoto ndiyo yatakayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto inalinda faragha yake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inatoa kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, na inaagiza kuwa gharama ya matibabu ya aliyetendewa ibebwe na Serikali. Lakini kituo cha afya tunachokitegemea hakina hata chumba kimoja chenye mlango wa kufungwa ambamo mtoto wa namna hiyo anaweza kuchunguzwa na kusikilizwa.

Turuhusu tukueleze kisa kimoja. Hatutamtaja mtoto wala mtaa wake, kwa kuwa hiyo ndiyo haki tunayomdai. Alikuwa na miaka 9. Alitendewa unyama siku ya Ijumaa, mnamo saa mbili usiku. Jumamosi asubuhi bibi yake alimfikisha kituoni, akaambiwa kuwa mwenye ufunguo wa kabati la dawa hayupo na kwamba warudi Jumatatu. Bibi hakuwa na nauli ya kumfikisha hospitali kuu ya rufaa mjini, wala hakujua kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kwisha, na kwamba kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Waliporudi Jumatatu saa nne asubuhi, zilikuwa zimebaki saa 10 tu. Dawa alipewa, akazimeza kwa siku zote 28, na tunamshukuru muuguzi aliyesimama naye siku hiyo.

Lakini mahojiano yalifanyika kwenye ujia, kando ya benchi la akina mama waliokuwa wameleta watoto wao wachanga kuchanjwa. Wanachama wetu wawili walishika leso, kila mmoja upande wake, ili iwe pazia. Miguu ya mtoto ilionekana chini ya leso. Aliulizwa mara tatu mambo yalivyokuwa, na mara zote tatu, huku akisikia watu wakinong'ona upande wa pili, alijibu, "Nilianguka." Likaandikwa hivyo kwenye fomu. Gauni lake, ambalo bibi alilitunza kwa nia njema katika mfuko wa plastiki wa mkate, lilikuwa limeanza kuota ukungu, kwani nguo ya ushahidi hutakiwa kukauka na kuwekwa kwenye karatasi. Faili lile halikufika popote. Mtuhumiwa bado anapita njia hii ya shuleni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtoto yule hakukosa sheria. Alikosa mlango.

Tunasema kwa heshima zote kwamba ombi hili si geni. Katika sherehe kama hii, miaka iliyopita, tuliahidiwa chumba hicho mbele ya watoto hawa, wakapiga makofi. Msingi ulichimbwa kati ya wodi ya kina mama na duka la dawa la kituo, na vijana wetu walijitolea kusomba mchanga. Mafundi walikaa siku 6, wakaondoka, na hawakurudi. Msimu wa mvua ulipofika shimo lilijaa maji, nasi, tukihofia mtoto asije akatumbukia humo, tulilifukia msingi ule kwa majembe yetu wenyewe. Mgeni rasmi aliyefuata alituahidi tena. Tulipofuatilia, ofisi moja ilisema jambo hili ni la serikali ya kitaifa, nyingine ikasema ni la kaunti. Tumeisoma Katiba: Jedwali la Nne linaiweka huduma ya vituo vya afya chini ya kaunti. Kwa hiyo hatuna tena wa kumuuliza zaidi ya wenye sauti katika bajeti ya kaunti, nawe ni mmoja wao.

Hatuombi jengo la ghorofa. Tunaomba chumba kimoja chenye mlango unaofungwa kwa ndani, dirisha lililo juu, kitanda cha uchunguzi, taa, na viti viwili vya kimo kimoja ili anayeuliza asimwinamie mtoto. Tunaomba kabati lenye dawa za kinga, fomu na mifuko ya karatasi, na funguo zake ziwe mbili. Tunaomba pia tabibu au muuguzi aliyefunzwa kuwahudumia watoto hawa, apatikane usiku na wikendi, kwa sababu wanaowadhuru hawafuati saa za kazi. Mifuko ya karatasi ya kuanzia tumekwisha kuinunua kwa michango yetu. Msingi tutauchimba tena sisi wenyewe, siku yoyote utakayotutajia.

Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, siku 15 kutoka leo. Ikiwa chumba hiki hakimo katika makadirio, tunakuomba ukitetee kiingizwe katika bajeti ya ziada, na kabla hujaondoka utujulishe ni ofisi gani tutakayoifuatilia.

Kitabu cha wageni kiko mezani pako. Wageni wetu waliotangulia waliandika humo maneno mema, na tunayathamini. Kwako tunaomba, chini ya sahihi yako, uandike tarehe ambayo utarudi tukuoneshe chumba hicho.

Risala hii imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.